Hedifoni za Majini Mbele ya Jua la Turkana

Kwenye vioo vya maduka ya simu mjini Lodwar, hedifoni ndogo zisizo na waya hupangwa pamoja na chaja, memori kadi na makava ya simu. Nyingi hazina jina la kampuni inayojulikana, lakini sanduku baada ya sanduku limechorwa tone la maji la buluu, ishara ya kwamba kifaa hakiogopi maji. Mnunuzi anayetafuta kitu cha kumchezea muziki akiogelea huliona tone hilo, hulipa, akaenda zake. Kitaalamu tone hilo halisemi kitu, kwa kuwa kiwanda chochote kinaweza kulichora. Kinachosema ni herufi mbili na tarakimu mbili zilizochapwa kwa maandishi madogo upande wa nyuma, kama zimechapwa: IP, kisha namba.

Namba hizo zinatokana na kiwango cha IEC 60529, kinachotolewa na Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme yenye makao yake Geneva. Tarakimu ya kwanza, kuanzia 0 hadi 6, ni ya vumbi na vitu vigumu. Ya pili, kuanzia 0 hadi 9, ni ya maji. Palipowekwa X, kipimo hicho hakikutajwa, na mara nyingi ni kwa sababu hakikufanywa. Kwa hiyo IPX7, maandishi yanayopendwa sana na watengenezaji wa hedifoni za bei ya chini, yanasema jambo moja kuhusu maji na hayasemi lolote kuhusu vumbi. Kwa mtu wa Kisumu huenda hilo si neno kubwa. Kwa mtu wa Kakuma, penye vumbi jingi, nusu ya habari aliyoihitaji imeachwa nje ya sanduku.

Maji kwanza. Namba 4 ni ya maji yanayorushwa kutoka kila upande: jasho, manyunyu, mvua ya kawaida. Namba 5 ni ya maji ya bomba yanayoelekezwa kwa nguvu, lita 12.5 kwa dakika. Namba 7 ni kuzamishwa hadi kina cha mita 1 kwa dakika 30. Namba 8 ni kuzamishwa kupita hapo, ila kwa kina na muda anaoutaja mtengenezaji mwenyewe. Ndiyo maana hedifoni mbili zenye 8 zinaweza kuwa mbalimbali kabisa, moja ikistahimili mita 2 kwa saa mbili na nyingine mita 1.5 kwa nusu saa. Sanduku lenye 8 lisilotaja kina wala muda halijamwambia mnunuzi kitu cha kushika.

Jambo jingine linalowapita wengi ni kwamba kufaulu 7 si kufaulu 5 na 6 pia. Kutulia ndani ya maji na kupigwa na maji ni mitihani miwili, na muogeleaji hukutana na yote miwili: kichwa kimo majini, mkono unachapa, wimbi linagonga sikio. Kifaa kilichopita mitihani yote huandikwa namba mbili zikitenganishwa na mkwaju, kama IPX5/8. Hicho ndicho cha kutafutwa na anayeogelea kweli.

Vipimo vyote hivi hufanywa kwa maji matamu, kifaa kikiwa kimetulia. Tena katika mtihani wa namba 7, kiwango chenyewe kinataka joto la maji lisitofautiane na joto la kifaa kwa zaidi ya nyuzi 5. Sharti hilo dogo ndilo linalowaponza watu wa Turkana.

Mchana wa Lodwar kipimajoto hufika au kupita nyuzi 35 kwa siku nyingi za mwaka. Hedifoni nyeusi iliyoachwa juu ya mchanga, au juu ya dashibodi ya gari, hufika nyuzi 50 bila taabu. Hewa iliyomo ndani hutanuka, na sehemu yake hupenya nje polepole kupitia utando wa spika. Kisha mwenyewe anaivaa na kujitosa kwenye maji ya nyuzi 28. Hewa iliyobaki inapoa ghafla na kusinyaa, shinikizo lake linapungua kwa takriban asilimia 7, na kifaa kinaanza kunyonya kutoka nje. Hesabu ya fizikia ya sekondari inatosha kuonyesha kwamba mnyonyo huo ni sawa na kukishusha kifaa karibu sentimita 70 zaidi. Ile mita 1 ya IPX7 imekwisha zaidi ya nusu kabla mtu hajapiga mkono hata mmoja.

Mbizi huongeza mzigo. Anayejirusha kutoka ukingo wenye urefu wa mita 1.5, kama wafanyavyo vijana penye kina cha kutosha, hupokelewa na maji kwa kishindo ambacho kwa kitambo kidogo kinasukuma sawa na kina cha mita 1.5. Joto na mbizi vikikutana, kifaa cha IPX7 kimeshatoka nje ya ahadi yake, na duka lililokiuza halijadanganya. Aliyekinunua hakuambiwa kwamba ahadi ile ilitolewa chumbani, penye ubaridi.

Tiba yake ni rahisi na haigharimu hata shilingi. Hedifoni ikae kivulini, ndani ya kitambaa chepesi, mpaka wakati wa kuogelea. Kabla ya kuzama imwagiwe maji kidogo na kuachwa dakika chache ipoe taratibu. Aliyeivaa aingie majini kwa miguu, asiruke.

Kisha kuna maji yenyewe. Ziwa Turkana ndilo ziwa kubwa kuliko yote ya kudumu yaliyomo jangwani duniani, na tena ni kubwa kuliko maziwa yote ya magadi. Mto Omo kutoka Ethiopia huleta sehemu kubwa ya maji yake, Turkwel na Kerio huongeza kidogo, na hakuna mto unaotoka. Maji huondoka kwa kugeuka mvuke tu, zaidi ya mita 2 kila mwaka, na chumvi hubaki nyuma. Ndiyo sababu pH yake inapita 9 na kila lita ina takriban gramu 2.5 za chumvi. Ukilinganisha na gramu 35 za bahari ya Mombasa, chumvi hiyo ni kidogo, na wengi hudhani kwamba kifaa kinachostahimili bahari kitalidharau ziwa. Lakini magadi yana tabia yake. Hula alumini, na yakikauka huacha unga mweupe unaojibana chini ya mipira ya kuzibia, hata mpira ukashindwa kukaa sawasawa mahali pake. Siku ya pili maji yanapita palipozibwa vizuri siku ya kwanza.

Mahali pa kuchunguza ni pale pa kuchajia. Hedifoni nyingi za kuogelea hazina tundu la USB, kwa sababu kila tundu ni mlango. Zina vidoti vinne hivi vya chuma vinavyoshikana na waya wa chaja kwa sumaku. Vidoti hivyo vikitazamwa kwa karibu baada ya majuma machache ya kuogelea bila kusuuzwa, kwanza huonekana utando mweupe kama chokaa, kisha pembeni rangi ya kijani. Kijani hicho ni shaba inayoliwa. Mara nyingi huanza pale kifaa kilipochomekwa kwenye chaja kikiwa bado kibichi: umeme hupita kwenye tone la maji yenye chumvi, chuma kikayeyuka kidogo kidogo. Kwa hiyo kifaa hufa kikiwa mezani, kikichajiwa, na mwenyewe akalilaumu ziwa.

Kusuuza kwa maji matamu ndiyo kinga, na kikombe kimoja kinatosha. Katika kaunti ambako jerikani la lita 20 hubebwa mwendo mrefu, ni haki kuuliza kama kikombe hicho kina nafasi. Kwenye chemchemi za Eliye, ambako maji matamu yanabubujika chini ya mikoma hatua chache kutoka ziwani, swali hilo halipo. Kwa wengine, maji ya kusuuzia hedifoni yanaweza kutumika tena kunawia miguu. Baada ya hapo kifaa kifutwe, kitikiswe, kiachwe kivulini kikauke kwa saa moja au mbili kabla ya kuchajiwa. Kisianikwe juani.

Hadi hapa mnunuzi amejua kifaa gani hakitakufa majini. Hajajua bado kama kitaimba.

Hedifoni nyingi madukani hupokea muziki kutoka kwenye simu kwa Bluetooth, na Bluetooth husafiri kwa mawimbi ya redio ya gigahezi 2.4. Maji huyameza mawimbi hayo. Simu ikiwa ufukweni na kichwa kikizama, mawimbi hufa baada ya sentimita chache tu, na ziwani hufa upesi zaidi kwa sababu chumvi huongeza umezaji. Muogeleaji husikia vipande: anapoinua kichwa wimbo unarudi, anapokizamisha unakatika. Hakuna toleo jipya la Bluetooth litakaloondoa tatizo hili, na hakuna bei inayoliondoa, kwa sababu kasoro haimo kwenye kifaa. Hata hedifoni yenye IP68, ikiwa inategemea simu peke yake, majini ni pambo la sikio.

Anayeogelea anahitaji hedifoni yenye hifadhi yake ndani, nyimbo zikiwa zimo humohumo kichwani mwake. Hicho ndicho kigezo cha kwanza, mbele ya bei na mbele ya jina.

Vifaa vya namna hiyo vipo vya aina mbili. Aina ya kwanza huziba tundu la sikio. Mfano unaofahamika ni Walkman ya Sony, NW-WS413, yenye gigabaiti 4. Inastahimili mita 2 kwa dakika 30, maji ya chumvi yakiwemo, na mtengenezaji anaruhusu itumike kwenye joto hadi nyuzi 45. Namba hiyo ya mwisho kwa Turkana ina uzito kuliko zote. Ndani ya sanduku huwa na vizibo maalumu vya kuogelea, vyenye ngozi nyembamba juu ya tundu la sauti. Anayetumia vizibo vya nchi kavu majini amejitoa mwenyewe kwenye dhamana.

Aina ya pili haizibi sikio kabisa. Hukaa juu ya mfupa wa shavu, mbele ya sikio, ikautikisa mfupa, na mtikisiko ukafika moja kwa moja kwenye sikio la ndani. Shokz OpenSwim, iliyoingia sokoni mwaka 2019 ikiitwa Xtrainerz, ni ya aina hiyo: gigabaiti 4, IP68, mita 2 kwa saa mbili, na haina Bluetooth hata kidogo. Bei yake ilipotoka ilikuwa takriban dola 150. Mwaka 2024 ikaja OpenSwim Pro yenye gigabaiti 32, na Bluetooth yake ni ya kutumia nchi kavu. FINIS Duo nayo hubanwa kwenye mkanda wa miwani ya kuogelea, pande zote mbili, ikagusa mifupa ya mashavu.

Kati ya aina hizo mbili, ya mfupa ndiyo bora majini, na sababu yake imo kwenye sikio la binadamu. Sikio limeumbwa kwa ajili ya hewa. Likijaa maji, utando wa sikio hauwezi kucheza kama kawaida, na sehemu kubwa ya anachosikia mtu chini ya maji hupitia mifupa ya fuvu. Hedifoni ya mfupa inaingia kwa njia ambayo sikio tayari linaitumia. Nchi kavu sauti yake huwa nyembamba, besi haipo, na anayeijaribu dukani hujuta. Akizama, ikawa nzito na safi. Hedifoni ya aina hii isihukumiwe kabla haijaingia majini.

Aina inayoziba ina kasoro nyingine kwa wapiga mbizi. Kizibo kikibana sana hufungia hewa kati yake na utando wa sikio. Mtu akishuka mita 2 au 3, shinikizo la nje linapanda, hewa ile inabaki palepale, na utando unavutwa upande usiofaa. Maumivu yanayofuata si ya kuvumiliwa kwa ujasiri. Ni ishara ya kupanda juu mara moja.

Kuhusu hedifoni ndogo za kawaida, hata zile za bei kali, jibu ni fupi. AirPods Pro za kizazi cha pili zenye USB-C zina IP54, na Apple yenyewe inasema hazikutengenezwa kwa kuogelea. Nembo ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, kwenye sanduku nayo haihusiani na kina cha maji. Zile zisizo na jina na zisizo na tarakimu zinafaa kwa nchi kavu, siku isiyo na mvua.

Suala la nyimbo linastahili maelezo kidogo, kwa maana hapo ndipo wanunuzi wengi hukwama wakiwa wameshalipa. Nyimbo zilizopakuliwa ndani ya Spotify au Boomplay zimefungwa kwa ufunguo wa programu hizo na hazihamishiki kwenye kifaa kingine. Mahubiri na hadithi zinazotumwa kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp huwa na muundo wa Opus, ambao vifaa vingi vya kuogelea havisomi. Ujumbe huo unahitaji kubadilishwa kwanza kuwa MP3. Hapa Turkana ina bahati ambayo miji mikubwa imeipoteza. Vibanda vya kujazia nyimbo kwenye flashi na memori kadi kwa shilingi chache, rumba ya Kongo kwa huyu, injili kwa yule, nyimbo za Kiturkana na za Kisomali kwa wengine, vinafanya kazi ileile inayohitajika. Mwenye kibanda huchomeka hedifoni kwenye kompyuta na kuijaza kama flashi. Gigabaiti 4 hubeba takriban nyimbo 1,000 za dakika nne katika MP3 ya ubora wa kawaida, au zaidi ya saa 130 za mahubiri yaliyorekodiwa kwa kilobiti 64. Gigabaiti 32 ni anasa.

Baada ya yote hayo linabaki swali la wapi pa kuivaa, na hapo makala hii haina kigugumizi. Kwenye bwawa la hoteli mjini Lodwar, ndiyo. Ndani ya Ziwa Turkana, hapana.

Ziwa hilo lina mamba wa Nile kwa wingi, na Kisiwa cha Kati ni hifadhi ya taifa inayojulikana duniani kwa mazalia yao. Ni mojawapo ya hifadhi za ziwa hilo zilizoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1997. Wapo viboko pia, na zipo boti za wavuvi wa Kalokol zinazopita karibu na ufuko. Wavuvi na watoto wa ziwani hukingwa na kelele zaidi ya kitu kingine chochote: mmoja akiona kivuli hupiga ukelele, na wote hutoka. Mwenye muziki kichwani hausikii ukelele huo. Hata bila muziki, mtu aliyezama ameshapoteza nusu ya masikio yake. Sauti husafiri hewani kwa mita 343 kwa sekunde hivi, lakini majini hukaribia mita 1,500. Ubongo hutambua upande inakotoka sauti kwa kulinganisha sikio lipi limesikia mwanzo. Majini tofauti hiyo inakuwa ndogo mno, na mngurumo wa injini huonekana kutoka pande zote kwa pamoja. Anayeongezea wimbo juu ya hali hiyo amejifunga kitambaa cha macho. Wauzaji wanaosifu hedifoni ya mfupa kwamba huacha sikio wazi wanasema kweli kwa barabara. Kwa ziwa lenye mamba, ukweli huo haumsaidii mtu.

Upepo nao ni hoja. Upande wa pili wa ziwa, Marsabit, ndiko ulikojengwa mradi wa Lake Turkana Wind Power, mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310, kwa sababu upepo wa hapo ni mkali na hauchoki. Upepo huohuo hugeuza ziwa tulivu la asubuhi kuwa la mawimbi kwa muda mfupi, na mabadiliko yake husikika kabla ya kuonekana.

Kakuma, kama kilomita 120 kutoka Lodwar, hakuna ziwa. Kambi yake ya wakimbizi ilifunguliwa mwaka 1992, na michezo iliyoipa jina duniani ni ya nchi kavu. Katika timu ya kwanza ya wakimbizi kwenye Olimpiki, Rio 2016, wanariadha 10 walishiriki. Waogeleaji walikuwa wawili, Yusra Mardini na Rami Anis, wote Wasiria. Kutoka Kakuma walikuja wakimbiaji watano wa Sudan Kusini, akiwemo Rose Nathike Lokonyen aliyebeba bendera ya timu. Hedifoni ya Kakuma, basi, hulowa zaidi kwa jasho, na jasho lina chumvi. Kwa mkimbiaji, mchezaji mpira au fundi anayefanya kazi juani, namba 4 au 5 ya maji inatosha kabisa, na fedha za namba 8 zimepotea bure.

Asichoweza kukipuuza ni tarakimu ya kwanza. Vumbi la Kakuma ni laini kama unga na hupenya kila penye upenyo. Katika mtihani wa IEC kifaa huwekwa ndani ya sanduku linalopeperushwa poda ya talki kwa saa kadhaa, hadi 8. Namba 5 inaruhusu vumbi kidogo kuingia mradi lisiharibu kazi. Namba 6 hairuhusu hata chembe. Hedifoni ya IP55 au IP65 itadumu Kakuma kuliko IPX7 ya bei mara mbili. Vumbi linapoanza kuziba wavu wa spika, sauti hupungua upande mmoja, mwenyewe huongeza sauti, na upande mzima unaanza kuumiza sikio. Wavu husafishwa kwa mswaki mkavu, laini, kifaa kikielekezwa chini ili vumbi lidondoke. Sindano haifai, hutoboa utando.

Na kama yupo mtu wa Kakuma anayehitaji onyo kuhusu maji na hedifoni, ni yule anayevuka laga, mto wa msimu. Laga ya Tarach hukaa mchanga mtupu kwa miezi, watu wakaifanya njia ya miguu na boda boda. Kisha mvua ikinyesha milimani mbali, bila hata wingu juu ya kambi, maji hushuka kwa ghafla. Huja na mngurumo, na mngurumo ndio unaompa mtu nafasi ya kukimbilia ukingo. Msimu wa mvua, hedifoni ivuliwe kabla ya kushuka lagani, zote mbili, siyo upande mmoja.

Betri nayo ina yake. Betri za lithiamu huchakaa upesi zikichajiwa zikiwa na joto, na vifaa vingi vinapunguza au kukataa chaji kukiwa na nyuzi zaidi ya 45. Chini ya bati la nyumba ya Kakuma saa nane mchana joto hilo si la kutafutwa. Wenye sola hupenda kuchaji jua likiwa kali, kwa kuwa ndipo umeme uko mwingi. Ni afadhali paneli ijaze betri kubwa mchana, na hedifoni ichajiwe kutoka kwenye hiyo betri usiku au alfajiri.

Sauti nayo ipimwe. Shirika la Afya Duniani linahesabu desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kuwa mpaka wa usalama kwa mtu mzima, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo nusu. Majini watu hupandisha sauti ili kushinda kelele za maji, kisha wakasahau kuipunguza wakitoka. Anayeogelea mara kwa mara aoshe vizibo vyake kwa sabuni, akaushe masikio kwa kuinamisha kichwa kila upande, na asiingize pamba ya kijiti. Sikio likiwasha, likitoa majimaji au likiuma anapolivuta, hedifoni iwekwe kando mpaka mhudumu wa afya alitazame. Hayo ni maambukizi ya tundu la sikio, ambayo kwa kawaida hupona kwa dawa ya matone na hukawia kupona yakifungiwa unyevu kila siku.

Anayekwenda dukani kesho aulize mambo manne kwa mpangilio huu: hifadhi ya ndani ipo au haipo, namba ya maji, pamoja na kina na muda, namba ya vumbi, na kiwango cha joto kilichoruhusiwa. Muuzaji akikosa jibu la jambo la kwanza, na mnunuzi anataka kuogelea nayo, hayo matatu yaliyobaki hayana haja ya kuulizwa.